Bakteria Shambani Kwetu Mang'ola

Nilikulia Rhotia, kwenye udongo mwekundu unaootesha chochote. Nilipoolewa Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, nilikuta kona moja ya shamba la mume wangu imekuwa nyeupe kwa magadi. Vitunguu tulivyopanda pale vilikauka ncha, vikafa kabla ya kutunga.

Ndipo akaja dada mmoja, mtaalamu wa kilimo, akaiomba kona hiyohiyo. Nani anaomba ardhi iliyokufa? Alichota udongo akaondoka nao kwenda kuupima, na aliporudi alikuwa na chupa za maji meupe kama ukungu, yenye harufu ya tope la kisimani. Alisema ndani ya maji yale kuna bakteria wazuri, wanaokaa kwenye mizizi na kuusaidia mmea kustahimili chumvi.

Mama mkwe wangu alishika neno moja tu.

"Bakteria ndio walionilaza hospitali," alisema. "Leo mnataka kuwapanda?"

Mume wangu alikubali, kwa kuwa kona ile haikuwa ikitupatia kitu. Mimi moyo haukutulia. Majirani walikuwa wakinong'ona kwamba udongo wetu una madini, na kwamba chupa zile ni kisingizio. Nikaanza kumchunguza mgeni wetu. Akishamaliza kazi shambani, alishuka peke yake kuelekea ziwani na mfuko na jembe dogo. Siku moja nikamfuata, nikijifanya naokota kuni.

Nilimkuta amepiga magoti, anang'oa nyasi zilizoota juu ya magadi matupu. Hakushtuka. Nilimuuliza waziwazi anatafuta nini.

"Mama, hizi nyasi zinaishije hapa, na vitunguu vyenu vinakufa kule?"

Akanipa shina moja, akanionyesha udongo uliong'ang'ania mizizi. Bakteria wa kwenye chupa, alisema, walitoka kwenye mizizi kama hiyo, hapohapo ziwani. Nilimwelewa, lakini kuelewa si kuamini. Nilipolifikisha lile shina nyumbani, mama mkwe alilinusa, akalitupa nje.

Miche ya vitunguu tuliyoichovya kwenye maji ya chupa zile kabla ya kuipanda konani ilibaki kijani. Ile ya pembeni, ambayo haikuchovywa, iligeuka njano kama miaka yote. Tulivuna vitunguu vidogo kuliko vya upande wa shamba ulio karibu na mfereji, usio na magadi, ila vilikuwa vitunguu. Vikakaa jikoni bila mtu kuvigusa. Mwishowe nilikata kimoja, nikakila kibichi na ugali. Mume wangu alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akachukua kisu. Mama mkwe alikula maharage yake bila kitunguu msimu wote.

Mtaalamu aliporudi na chupa nyingine, mama mkwe ndiye aliyetoka kumpokea. Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye bustani yake ya mchicha, ambako magadi yalikuwa yameanza kuonekana.

"Mwagia nusu hii," alimwambia. "Hiyo nyingine usiiguse. Nitaangalia mwenyewe."