Matusi ya Karamu ya Ranjana

Sunaina Jha aliletwa Malindi kutoka Mithila, Uhindini, akiwa bibi harusi, mumewe karani wa kinu cha pamba, na tangu siku hiyo watu wakamwambia anasema Kihindi. Kihindi wapi! Ni Kimaithili, lugha iliyozaliwa tumbo moja na Kibengali, ikaimbwa katika nyua za wafalme wa Mithila na kuandikwa kwa hati yake yenyewe. Mitambo ya kuchapa ilipoingia ikaja na herufi za wengine, na serikali ya huko nayo ikaihesabu kuwa lahaja ya Kihindi. Lugha nzima ikavuliwa nguo hivi hivi, mchana kweupe.

Mumewe alipofariki, alibaki na binti yake Ranjana tu wa kuzungumza naye. Alimfundisha yote hayo, na Ranjana akayashika vizuri.

Mwaka 1984 Ranjana akaposwa na familia tajiri ya Mombasa inayosema Kihindi. Kwao Sunaina, wakwe wakiwa wanakula karamu, wanawake wa upande wa bibi harusi huwaimbia matusi: baba mkwe mlafi, mama mkwe kafumaniwa na muuza maziwa. Mgeni asiyetukanwa hajakaribishwa. Lakini Malindi nzima, nani angeimba naye? Akawaendea majirani zake wawili, Kulthum na Kahonzi.

"Ah, Mama Ranjana, kama ni matusi, umefika!" Kulthum akacheka.

"Hata Kigiriama changu kuna wanaokiita Kiswahili kibovu," Kahonzi akasema. "Nifundishe, dada."

Wakajifunza jikoni, neno baada ya neno, na Sunaina akafurahi kuliko siku yoyote ya ujane wake.

Siku ya harusi, wali ulipopakuliwa, watatu hao wakaanza kuimba. Mama mkwe akaacha kula, akamgeukia Ranjana. "Hiki nacho Kihindi gani, kibovu hivi?"

Sunaina akamtazama mwanawe. Alitaka binti ataje jina la lugha tu, basi.

"Ni Kihindi cha shamba, mama," Ranjana akamjibu mkwewe kwa tabasamu. "Mama yangu hakusoma."

Wakwe wakaangua kicheko cha dharau. Kulthum na Kahonzi, wasiojua Kihindi, waliendelea kupokezana bila kukosea. Sunaina akawageukia. Akawashika mikono.

"Nyamazeni."

"Tumekosea?" Kahonzi akauliza.

"La. Nyamazeni tu."

Kisha akaenda kumwongezea mama mkwe wali, akamwomba radhi kwa Kihindi.