Isale Si Pambo la Ngoma

Siku yangu ya kwanza katika shule ya ngoma pale Kilema niliripoti na viatu vya kisigino, cheti cha ualimu mkononi, nikijiona msomi. Mkuu wa shule aliniangalia miguuni, akaniambia nivue. Ngoma zetu huchezwa miguu mitupu, alisema, ili mchezaji aisikie ardhi. Nikavua huku nimenuna.

Nilikabidhiwa watoto wa iringi, ngoma yetu ya duara. Kuwafunga njuga, zile kengele ndogo za miguuni, niliweza. Nyimbo sikuzijua. Aliyezijua zote alikuwa Bibi Ndeanasia, mkulima wa kahawa aliyekuja kila Jumamosi. Yeye ndiye mwanzishaji: hutoa mstari, wengine wakaitikia. Hakuna aliyewahi kuziandika.

Mwaka wangu wa tatu tulialikwa kucheza hotelini, mjini Moshi. Nikaona watoto hawana cha kupendeza macho. Nikakata majani ya isale uani, nikampa kila mmoja ayapunge. Wageni walipiga makofi sana. Bibi aliondoka katikati ya wimbo, bila kuaga.

Ninyi mliokulia mjini huenda mnaliona isale kuwa mmea wa mpakani tu. Kwetu, aliyekosa humpelekea jani hilo aliyemkosea, na anayeletewa hana njia ya kukataa kusamehe. Nililijua hilo tangu utoto. Nililisahau kwa tamaa ya makofi, na hadi leo naona haya.

Jumamosi mbili Bibi hakuja. Mkuu wa shule hakunigombeza. Alisema tu kwamba bibi yule akibaki nyumbani, na sisi tufunge shule tukafuge ng'ombe, maana tutakuwa hatuna cha kufundisha. Kisha akaniambia, "Kachume jani jingine. Hilo ulipeleke kwa kazi yake."

Nilimkuta Bibi akiwakatia ng'ombe migomba. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuinua kichwa. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, akaweka panga chini, akalitazama. Nilimwogopa kuliko mkaguzi yeyote.

"Nimepokea," akasema. "Lakini kwanza nitakufundisha wewe. Watoto walipunga walichopewa."

Msimu ule wote nilichuma kahawa shambani kwake, yeye akianzisha, mimi nikiitikia. Nikikosea neno, tulirudi mwanzo. Alikuwa mkali, nami nilimpenda. Baadaye nilihamishiwa tawi letu la Marangu, kisha nikarudi Kilema nikiwa mkuu. Bibi tulishamzika, na nyimbo zake nilizifundisha kila Jumamosi.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya kuagwa niliombwa nianzishe iringi mara ya mwisho. Mstari wa tatu ukanipotea kabisa. Duara likasimama, nami nikahisi machozi. Ndipo binti wa darasa la nne, ambaye hakuwahi kumwona Bibi, akautoa mstari ule, neno kwa neno, akaendelea na uliofuata. Sikumpokonya uongozi. Nilivua viatu, nikaingia kwenye duara, nikaitikia.