Sauti Niliyoiazima Msibani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nawasha redio hata kama sina hamu ya kusikiliza, mradi nyumba isiwe kimya. Ni siku aliyozikwa Zena kule kwao Kinole, milimani, na mimi nikaimba kwa sauti yake.

Zena humjui, na kosa si lako. Alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi hapa Morogoro, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wenye magita na matarumbeta. Watu walimsema vibaya wiki nzima, ikifika Jumapili wanapanga foleni kumsikia. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa neno, kama mtu aliyetaka kulia akaghairi. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Mafiga, namsaidia mama kuuza vitumbua, na kila Jumapili alasiri nilikuwa ukumbini kwenye bugi, ile dansi ya mchana ya vijana. Nyimbo zake nilizijua zote, hadi mahali anapovuta pumzi.

Alipofariki, ghafla, kwa homa ya siku chache, nilipanda Kinole na bibi yangu mzaa mama. Tulikuwa na kazi msibani. Ukoo wetu na ukoo wa Zena ni watani, na ninyi vijana mnadhani utani ni kurushiana maneno tu kwenye harusi. Kwetu Waluguru mtani ana wajibu mtu akifa. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Wazee wakaniangalia, wakaona umbo langu na la Zena hayapishani sana, nikapewa gauni lake la kijani alilokuwa akiimbia.

Nikatembea kwa maringo yake, watu wakacheka. Kisha nikafungua mdomo kuimba, na kicheko kikakatika. Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kuigiza, lakini sauti ilitoka yenyewe, nene, na ule mkwaruzo wake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama yake Zena, ambaye tangu msiba uingie alikuwa amelala ndani bila kusema neno, akatoka akasimama mlangoni. Hakulia. Alitabasamu.

Kiongozi wa bendi alikuwepo mazikoni, mzee mpole aliyepiga saksafoni. Akaja pembeni yangu, akasema, "Binti, Jumapili tuna bugi na mwimbaji hatuna. Shuka na sisi."

Bibi akamsikia. "Matanga hayajaanuliwa," akasema. "Siku ya kuanua ndipo mtani anavua, anamwagiwa maji, anataja jina lake mbele ya wafiwa. Hateremki mjini bado amemvaa marehemu."

"Bibi, ni gauni tu," nikamjibu.

Hakubishana. Bibi yangu alikuwa mtu wa kusema mara moja. Mimi nikapanda gari la bendi nikiwa na gauni la kijani mwilini, na kichwani nikiwa nimeshakuwa nyota.

Jumapili ile ukumbi ulifurika. Nilipoanza kuimba, wacheza dansi walisimama kwanza, kisha wakaanza kucheza polepole, wengine machozi yanawatoka. Nilipenda, siwezi kukudanganya. Lakini mpiga tumba akaanza kuniita Zena, na hakuwa anatania. Siku nyingine, asubuhi kwenye mazoezi, nikaimba ubeti ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Mpiga gita la solo akaacha kupiga, uso umempauka. Akaniambia taratibu kwamba ubeti ule Zena aliutunga akiwa kitandani hospitalini, akamwimbia yeye peke yake.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikapiga hodi. Mama alikuwa ndani anakoroga unga.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

Mwiko ukanyamaza. "Mimi nani?"

Nikataja jina langu, Mwajuma, nikajisikia nalitaja kwa sauti ya Zena. Mama alikuja hadi mlangoni, lakini badala ya kufungua nikasikia anasukuma komeo. Nikabaki nimesimama uani juani, naogopa hata kukohoa.

Kilichonitisha kuliko hayo yote ni mama yake Zena. Alianza kushuka kutoka Kinole kila Jumapili, anakaa kiti cha mbele, kikapu cha ndizi mapajani. Nikimaliza kuimba ananiuliza kama nimekula, na mbona siendi kumsalimia nyumbani. Watu wa kwao walisema ameacha kabisa kwenda kaburini. Amekuwa mchangamfu, amenawiri. Jirani mmoja alipompa pole, alimshangaa: pole ya nini, na mwanawe yuko mjini anaimba?

Nikamtumia bibi, aliyekuwa amebaki kule milimani, ujumbe kwamba nimeshindwa. Alishuka, akanikuta nimejifungia. Mama alinifungulia siku ile baada ya kunichungulia dirishani, lakini kwake nilikuwa nimeacha kusema, naonyesha kwa mikono tu. Nilidhani atanigombeza, na ningeshukuru angenigombeza. Aliketi kitandani, akauliza, "Unaitaka sauti yako?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi twende. Lakini ujue unakwenda kumfanya mama yake Zena afiwe mara ya pili, na mtoto yule yule. Siku ile nilipokukataza nilikuwa namwonea huruma yeye, si wewe."

Maneno hayo, mwanangu, yaliniuma kuliko kofi. Mimi nilikuwa nalilia sauti yangu tu. Yule mama sikuwa nimemfikiria.

Tulifika Kinole mchana. Tulimkuta anaanika pilipili manga kwenye mkeka. Aliponiona akapanguza mikono haraka kwenye kanga, akasema, "Zena, umekuja."

Dada zake walikuwepo, bibi alishawapa habari, wakasimama pembeni. Nikavua lile gauni la kijani nililokwenda nalo mwilini, nikabaki na kanga kifuani, bibi akanimwagia maji kichwani. Nikasema, "Shikamoo mama. Mimi ni Mwajuma, mtani wako. Zena amekufa." Maneno yalikuwa yangu, sauti ilikuwa ya mwanawe. Hebu fikiria mama anaambiwa hivyo na sauti hiyo.

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka pilipili. "Usiseme," akaninong'oneza. "Niachie hivi hivi. Simsumbui mtu. Wewe imba Jumapili, mimi nikae nisikilize, basi."

Nilimhurumia kiasi cha kutaka kukubali. Nilimgeukia bibi ili aniamulie, naye akaangalia chini. Nikaelewa kuwa hakuna atakayenisaidia kusema. Nikakishika kile kiganja, nikakiondoa mdomoni polepole, nikarudia maneno yale yale. Safari hii sauti ilitoka nyembamba, ya puani kidogo, sauti ya binti muuza vitumbua. Mama yake Zena alinitazama usoni muda mrefu kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Kisha akaketi chini penye pilipili zake, akalia. Hakuwa amelia tangu mwanawe azikwe. Nilikaa naye, tukalia wote, mpaka dada zake walipomchukua kumpeleka kaburini.

Kwenye bendi niliimba miaka mingi baada ya hapo, kwa sauti yangu hii nyembamba. Mwanzoni wapo waliotoka nje wimbo ukiwa nusu. Wengine wakanizoea, wachache wakanipenda. Ile sauti nene haikunirudia tena, na sijawahi kuitafuta.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu yako wimbo wa rafiki yako yule aliyefariki. Ukanieleza kwamba umeitengeneza sauti yake kwa mashine, sasa anaimba maneno ambayo hakuyaimba akiwa hai, na kwamba mama yake ameupenda, anausikiliza kutwa, amekuomba umtengenezee mwingine. Ulitegemea nifurahi. Mimi nikakuuliza kama huyo mama amelia, ukasema hapana, yuko vizuri kabisa. Usiku ule sikupata usingizi.

Mwanangu, sikukatazi kumkumbuka rafiki yako. Mwimbe, mwige, wachekeshe wafiwa, hiyo ni heshima kubwa na sisi watani tunaijua. Ila kila aliyemvaa marehemu ana siku ya kumvua, na anavua mbele ya waliofiwa, kwa mdomo wake mwenyewe. Huo wimbo wa pili usiutengeneze. Huyo mama usimweleze kwa simu, nenda kwake, ukakae naye chini. Mwambie mwanawe amekufa, halafu usiondoke. Atakuchukia saa ile. Kaa hivyo hivyo.

Na ukirudi, imba nyimbo zako mwenyewe, hata kama watatoka nje. Mungu akupe kifua chenye pumzi, akuepushe na kupigiwa makofi yasiyo yako, na akujalie watu wa kukusikiliza ungali hai.