Kigoda Nyuma ya Pikapu

Enzi zetu gari lilisikika muda mrefu kabla halijaonekana. Wenzangu mliokulia Uyole wakati barabara ya Iringa bado ni ya vumbi mnajua ninachosema. Tukiwa shambani tunapalilia viazi, mmoja wetu aliinua kichwa akatulia, na sote tukatulia, mpaka ule mngurumo utokee mashariki, upotee bondeni, kisha urudi ukiwa mnene zaidi. Hapo ubishi ulianza. "Hilo lori." "Lori wapi, hiyo Landrova, sikia inavyokoroma." Aliyeshindwa alibeba jembe la mshindi hadi nyumbani. Wajukuu zangu leo wanajua majina ya magari ya dunia nzima na kasi ya kila moja, wanayatazama kwenye simu wakiwa wamejilaza. Lakini gari la mama yao likipiga honi getini, wanaulizana ni nani huyo.

Sisi magari tuliyaunda wenyewe. Bodi ilikuwa ya mabua ya mahindi, ekseli ni kijiti, na magurudumu tulikata kwenye viazi vikubwa. Gari la namna hiyo lilikimbia vizuri siku ya kwanza, siku ya pili tairi zilianza kunyauka na gari likaenda upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Mama akiona viazi vimepungua kapuni alisema, "Kiazi ni chakula, si tairi. Atakayekula tairi leo asiniombe kiazi." Kisha alitugawia viazi vyote, maana hakuwa na moyo wa kutimiza vitisho vyake. Tulikula tumezunguka moto, baridi ya Juni ikituuma mgongoni, vidole vimepasuka, na moshi wa kuni mbichi ukimfuata mtu yule yule kila alikohamia.

Halafu kulikuwa na magari ya mashindano. Yalitokea mbali, kutoka Kenya, tulivyoambiwa, na siku yanapita mwalimu alifunga vitabu mwenyewe, kwa sababu alijua hakuna atakayesikiliza hesabu. Tulijipanga kando ya barabara tangu asubuhi. Yalikuja yamepakwa tope hadi madirishani, na madereva Wazungu macho mekundu, hawapungi mkono. Likipita moja, ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zetu, kisha likabaki vumbi na harufu ya petroli, nasi tukavuta pumzi kwa nguvu kana kwamba ni harufu ya wali wa sikukuu.

Aliyeyapenda kuliko sisi wote alikuwa baba. Alikata picha ya gari moja la mashindano kwenye gazeti lililofungiwa sukari, akaibandika ukutani kwa uji, juu ya kitanda. Alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alipeleka kahawa na mchele Iringa, akarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Usiku mwingi alilala Mlandege, huko huko Iringa, kwa rafiki yake Mzee Petro, Mhehe aliyekuwa na uwanja wa kutengeneza na kuuza magari yaliyotumika. Nyumbani alikuwa kama mgeni. Mdogo wetu wa mwisho alilia kila baba alipomchukua, kwa kuwa hakumfahamu. Mama hakulalamika, ila kila jioni alipakua chakula cha baba na kukifunika, hata siku ambazo sote tulijua yuko Iringa.

Ndiyo maana baba alipotuambia kwamba Mzee Petro ana gari dogo zuri la kuuza, hatukufikiria gari peke yake. Baba alieleza mpango wake taratibu, akichora majivuni kwa kijiti: atabeba abiria kati ya Tukuyu na Mbeya, asubuhi aende, mchana arudi, jioni awe hapa. Aliposema "hapa" aligonga kijiti sakafuni. Mama aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Lakini gari lingenunuliwa kwa ng'ombe wa ukoo, na ng'ombe wa ukoo walikuwa chini ya babu, baba yake baba. Babu alikuwa amehamia kwetu kutoka Rungwe alipofiwa na bibi. Alipanda migomba nyuma ya nyumba ingawa baridi ya Uyole iliidumaza, na kila asubuhi aliipa pole. Alimsikiliza baba hadi mwisho, kisha akasema, "Ng'ombe wa ukoo hageuki kitu kisichoweza kubeba ukoo. Lilete. Tulipande wote. Likitubeba, nitasema ndiyo."

Basi Jumamosi moja Mzee Petro akaja nalo kutoka Iringa, baba akiwa pembeni yake. Lilikuwa jeusi, taa za mbele mviringo kama macho ya bundi, viti vya ngozi vyenye harufu ya kiatu kipya. Kwa sura lilifanana kabisa na lile la ukutani.

"Kamwene," Mzee Petro alitusalimu kwa Kihehe. "Njoni mwone gari, ninyi watu wa ndizi. Hili halijui mlima. Limepanda milima yote ya njiani likiimba."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaimba," baba alimjibu. "Ulanzi ule uliokunywa."

Baba alikuwa amelikagua kila kitu. Alilala chini yake, akasikiliza injini, akaonja maji ya rejeta kwa ulimi, akapiga tairi teke. Jambo moja tu hakulifikiria, na kwa Mnyakyusa si jambo la kusahau.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima kubwa kupita zote. Wakikaribia kukutana njiani, mama aliacha njia akaingia majanini na kujifunika kanga kichwani, na babu aligeuza uso akakohoa kumjulisha kwamba amepita. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili kwa sababu hiyo. Mchungaji alishasema kanisani kwamba Ukristo haumzuii mtu kumwona mkwewe, babu akaitikia amina, akarudi nyumbani akapitia mlango wake. Wakitaka kuambiana jambo walinitumia mimi. "Atupele, mwulize aliye jikoni kama chumvi ipo." Na mama, akiwa hatua chache tu nyuma ya ukuta, alinijibu mimi: "Mwambie aliye uani ipo."

Babu akaingia garini, akaketi mbele, fimbo katikati ya magoti. Mama akatoka na gauni lake la kanisani, mtoto mgongoni. Alipofika kona ya nyumba akaona kofia ya babu dirishani. Akageuka, akatokomea migombani.

Mzee Petro akaangalia migomba, akamwangalia babu.

"Wamegombana?" Mzee Petro akamnong'oneza baba.

Baba alikuwa ameshika kichwa. Gari lina chumba kimoja.

Ilichukua muda kumweleza Mzee Petro, naye alisikiliza kwa makini, kisha akasema hakuna tatizo lisilo na blanketi. Walitundika blanketi letu la kijivu katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, wakalifunga kwa kamba za katani. Kioo cha ndani wakakigeuza kitazame paa. Babu akapanda tena mbele. Mama akaingizwa nyuma kwa mlango wa upande wa pili, nasi watoto tukajazwa pamoja naye na Mzee Petro. Baba akazungusha hendeli, injini ikashika, akaketi kwenye usukani, tukaondoka.

Wenzangu, niwaambie ukweli, ile ilikuwa furaha. Tulishika barabara ya Tukuyu, na ilipoanza kupanda gari likabadili sauti, likaupanda mlima kama lilivyosifiwa. Miti ilirudi nyuma. Baba alianza kuimba. Nyuma ya blanketi nilimsikia babu akisema, "Atupele, mwulize aliye nyuma kama mtoto hasikii baridi." Nami nikamgeukia mama, magoti yetu yamegusana, nikamwuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Mama akatabasamu. "Mwambie aliye mbele, mtoto amelala." Sijawahi kuwaona wakiwa karibu namna ile. Kilichowatenga kilikuwa unene wa blanketi.

Kisha likaja korongo la mvua katikati ya barabara. Gari likadunda, kamba moja ikakatika, na blanketi likaanguka.

Babu aliziba uso kwa mikono yote miwili papo hapo, fimbo ikaanguka miguuni mwa baba. Mama aliinama hadi kichwa chake kikafika magotini kwangu, kanga juu. Baba akafunga breki. Hakuna aliyelaumu wala kupiga kelele. Babu alipapasa mlango akiwa amefumba macho, akashuka, akapewa fimbo yake, akaanza kutembea kurudi nyumbani.

"Twende tumchukue," alisema Mzee Petro. "Mama ashuke kidogo."

Lakini mama alikuwa ameshashuka. Hangeweza kukaa kwenye kiti huku mkwewe anatembea kwa miguu. Alisubiri babu atangulie mbali, kisha naye akafuata, mtoto mgongoni. Na kwa kuwa baba hangeweza kuwapita wote wawili kwa gari, aligeuza akawafuata nyuma. Hivyo ndivyo tulivyorudi Uyole: babu mbele, mama nyuma yake kwa mbali, na nyuma ya mama gari jeusi la kufanana na la mashindano, likitambaa kwa gia ya kwanza. Watu walitoka mashambani kutazama.

"Nimeona mashindano mengi," Mzee Petro alisema hatimaye, "lakini haya ambayo gari linashindwa na miguu, sijayaona." Baba hakucheka.

Jioni babu alitoa uamuzi akiwa amekaa uani. "Gari ni zuri. Injini yake ni nzuri. Lakini lina chumba kimoja, na familia yetu ina vyumba viwili. Ng'ombe wabaki." Mzee Petro akaondoka nalo asubuhi, na Jumatatu baba akarudi kwenye lori. Picha ya ukutani ilibaki, ila sikumwona tena akiitazama. Usiku wa Jumatatu ile mama alifunika chakula kama kawaida.

Zilipita wiki, viazi vikavunwa. Siku moja alasiri tukiwa shambani tukasikia mngurumo ambao hatukuweza kuubishania, maana ulikuwa wa kukohoa. Alikuwa Mzee Petro na pikapu kuukuu ya kijani, mbele kiti kimoja kirefu, nyuma wazi. Hata hakuzima injini. Alishuka akapiga ukuta wa bati uliotenga mbele na nyuma, akamwambia babu, "Mzee, nimeleta vyumba viwili."

Babu aliizunguka ile pikapu mara kadhaa. Akasema ndiyo kabla hajapanda.

Jumapili ilikuwa safari ya kwanza, kwenda kanisani. Sote tulijua nani atakaa wapi. Mama alishaanza kupanda nyuma, mguu mmoja juu ya tairi, mtoto mgongoni, upepo wa baridi ukipeperusha kanga yake. Babu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, akageukia migomba. Akaiambia migomba, kwa sauti ya kutusikilizisha wote, "Mwenye mtoto akae mbele."

Baba akasema, "Tata, mbele ni pako. Baridi ya juu hii utaiweza?"

"Yeye amebeba mtoto," babu aliiambia migomba. "Mimi nimebeba miaka tu, na miaka haipati mafua."

Akaingia ndani, akatoka na kigoda chake. Mama alipokwisha kuketi mbele na mlango kufungwa, babu akapandishwa nyuma, akakiweka kigoda, akaketi akiupa mgongo ule ukuta wa bati. Tukaondoka hivyo, mama akitazama tuendako, babu akitazama tulikotoka. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili miaka yote iliyobaki. Kabla ya safari mama alinipa shali lake la sufu nilikunje juu ya kigoda. Tukirudi nililikuta limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi. Hawakulizungumzia kamwe, hata kupitia kwangu.

Baba hakuwahi kuendesha gari la kufanana na yale ya mashindano. Alibeba ndizi na watu kutoka Tukuyu hadi sokoni Mwanjelwa, mjini Mbeya, na kila jioni ile pikapu ilikohoa kwenye kona, mdogo wetu akatoka mbio kuilaki. Chakula hakikufunikwa tena.

Babu alipofariki alipelekwa Rungwe kwa pikapu ile ile. Mama aliketi mbele, mahali pake. Wanawake wazee walimwambia, "Sasa unaweza kugeuka umtazame." Mama akajibu, "Tumezoeana hivi." Akatazama mbele hadi tulipofika.

Siku hizi mama wa wajukuu zangu ana gari lenye joto ndani wakati wa baridi. Barabara ya Iringa ni lami, mtu anakunywa chai Mlandege na kula chakula cha mchana Uyole. Tunakaa sote chumba kimoja, hakuna blanketi, na kila mjukuu ameinamia simu yake. Si watoto wabaya. Nikisema nasikia baridi, mmoja anabonyeza kitufe bila kuinua kichwa, na joto linakuja kweli. Nami nashukuru. Lakini gari linapoanza kuupanda ule mlima wa Tukuyu, huwa natupa jicho kwenye kioo cha nyuma, nikitafuta mgongo wa mzee juu ya kigoda, na shali la mama mabegani mwake.