Honi Iliyotufuturisha Kabla ya Magharibi

"Huyu hata kamba ya mbuzi hajui kufunga, ndiye atakayefunga honi?" Hivyo ndivyo walivyosema watu wa Likoni, tena mbele yangu na kwa sauti, maana kwetu mtu aliyesimama karibu hasengenywi, huambiwa. Wengine waliongeza kwamba nitaliunguza gari, wengine kwamba nitajiunguza mwenyewe. Leo, msomaji wangu, stashahada yangu ya umeme wa magari, niliyoitafuta ughaibuni kwa miaka minne ya baridi, imetundikwa sebuleni, na kila mgeni namwonyesha kabla hajaketi. Lakini nikikwambia kweli, mtihani wangu mkubwa niliufanya nikiwa na miaka kumi na minne, kwa bisibisi ya kuazima.

Haya yalinirudia juzi, nilipokwenda kupatazama pale palipokuwa na nyumba ya bibi. Lori lilipita likapiga honi moja nene, ya kutoka tumboni, nami nikajikuta nacheka peke yangu kando ya barabara.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili. Upande wetu kulikuwa na gari moja tu la kuchukua watu, la jirani yetu, gari kuukuu lililokatwa nyuma likatiwa viti vya mbao. Kila alfajiri lilipita likikusanya wanawake na vikapu vyao, likawashusha kwenye feri wavuke kwenda kuuza mjini. Hapakuwa na kituo. Kila mmoja alikaa kwake, huyu akikaanga mahamri, yule akifunga mafungu ya mchicha kwa ukindu, na honi ikilia hutoka mbio. Basi mji mzima uliishi kwa sikio.

Tatizo ni kwamba honi ile, iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua. Upepo wa kusi ukivuma husikii kitu. Juma moja bibi yangu aliachwa mara tatu. Mchicha wake ulinyauka barazani, tukaula mchana, tukaula usiku, tukaamka tukaula tena. Bibi hakulalamika. Alikuwa akisema, "Riziki haina mbio." Lakini niliona anavyoutazama mlango wa duka bila kuingia, nikaenda kwa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka nini asubuhi yote hii?"

"Nataka nikubadilishie honi."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, maana honi ile ilikuwa yampotezea abiria. "Sikiliza, mwanangu. Ukinitilia honi ya kusikika hata kisimani, nitakuweka garini uwe fundi wangu. Ukiniharibia gari, usikanyage ua wangu tena, na bibi yako atatafuta miguu ya kumfikisha feri."

Honi nilijua iko wapi. Mwenye duka alikuwa na honi kubwa ya lori la jeshi, aliyoiokota kwenye vyuma vilivyotupwa baada ya vita, akiitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. "Nakuazima, sikupi," aliniambia. "Na mlango wangu ukivunjika, wewe ndiye mlango." Bisibisi na koleo nilipewa na fundi cherehani. Waya mnene nilipewa na jirani wa pili, aliyekuwa kibarua uwanja wa ndege wa Port Reitz, naye akaniapia kwamba wallahi akisikia moshi ataukata waya huo kwa meno.

Moshi ulitoka siku ya kwanza. Nilikuwa nimeifunga honi mpya kwenye waya wa honi ya zamani, mwembamba kama uzi wa mshipi wa samaki, na honi kubwa inakula umeme mwingi. Waya ukapata moto, ukanuka, nikauchomoa kwa vidole na vidole vikaungua. Niliketi chini ya mwembe wa jirani, sina mtu wa kumuuliza, nikafikiri kwa kichwa changu mwenyewe: kama maji mengi yataka mfereji mpana, na umeme mwingi je? Waya mnene nikautoa moja kwa moja kwenye betri. Miaka kadhaa baadaye mwalimu wangu wa kizungu alilieleza jambo hilo ubaoni kwa saa nzima. Mimi nilikuwa nikilitazama dirisha.

Hata hivyo honi ilitoa "kwa!" moja tu, ikanyamaza. Nilihangaika nayo siku tatu. Tulikuwa katika Ramadhani, jua halionekani kwa mawingu, na mimi nimefunga, mate yamekauka. Siku ya tatu, jioni, niligundua skrubu ndogo mgongoni mwake. Nikaizungusha robo, nikabonyeza.

Msomaji wangu, ile haikuwa sauti, ilikuwa mnyama. Kuku waliruka ukuta. Nami kwa furaha sikuondoa kidole. Nilibonyeza mlio mmoja mrefu, mrefu, mpaka masikio yakaziba.

Sasa lazima nikueleze desturi yetu. Mjini walikuwa wakipiga mzinga wakati wa kufuturu, lakini msimu wa kusi upepo uliurudisha mlio wake hukohuko kisiwani. Kwa hiyo muadhini wetu alikuwa akipanda ngazi ya msikiti na kupuliza baragumu, mlio mmoja mrefu, mrefu, na kila nyumba hutia tende mdomoni.

Nilikuwa bado nashangilia nilipomwona muadhini anakuja mbio, kanzu ameikunja, baragumu mkononi.

"Mimi sijapuliza! Nani amewafuturisha watu?"

Watu walitoka majumbani, mashavu yamejaa. Mwenye duka alikuwa na kaimati, shira inamtiririka kidevuni. "Mimi bakuli la uji limekwisha," alisema yule kibarua wa Port Reitz. "Sasa nifanyeje, niuteme?" Mtu akacheka, wengine wakamzomea. Hapo hapo mzinga halisi, ambao kwa kawaida hatukuusikia, ukasikika kwa mbali, dhaifu. Upepo ulikuwa umetulia dakika ile tu, kana kwamba kwa kusudi la kunishuhudia.

Nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa ameketi mkekani, kokwa ya tende kiganjani, ameitazama. Tangu awe msichana hakuwa amepoteza siku ya Ramadhani ila kwa udhuru wa wanawake na wa ugonjwa. "Ni wewe?" aliniuliza. Nikaitika, "Ni mimi, bibi."

Baada ya tarawehe kesi ilikuwa uani mwa msikiti. Mwenye gari alisema honi itatoka kesho na mimi nitatoka nayo. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa amenifundisha alifu na kunichapa kwa kila herufi, alinyoosha mkono watu wakanyamaza. "Aliyekula kwa kukosea hana dhambi," alisema. "Lakini siku ni deni. Mtailipa baada ya Idi."

Nilisimama. Sijui nani alinisimamisha. "Siku hiyo mtakayolipa," nilisema, "futari yenu juu yangu."

"Juu yako na nini?" akauliza fundi cherehani. "Na mchicha?"

Walicheka sana. Bibi ndiye aliyewanyamazisha, kutoka upande wa wanawake: "Mcheke, lakini nani hapa hakuisikia honi hiyo?" Mwenye gari akajikuna shingo. Honi ikabaki, kwa sharti isiguswe baada ya alasiri, na kazi yangu garini ingejulikana baada ya futari hiyo.

Toka siku hiyo hakuna mwanamke aliyeachwa njiani. Niliwapandishia vikapu, nikavishusha kwenye feri, na kila aliyeuza vizuri alinitilia kitu: nazi mbili, kibaba cha mbaazi, muhogo, konzi ya mchele. Nilivirundika chini ya kitanda cha bibi mpaka akalala kama aliyepanda jahazi. Leo barabara ile ina honi elfu na hakuna anayetoka nje kuitikia hata moja. Hakuna anayejua jirani yake amekosa gari. Hilo ndilo ninaloliona limetoweka, kuliko hata nyumba.

Walichagua Alhamisi ya mwezi wa Shawali. Mchana nilirudisha bisibisi na koleo kwa fundi cherehani, na waya uliobaki kwa mwenyewe. Mwenye duka nilimpelekea chuma kizito cha lori badala ya honi yake. Alikigongagonga kwanza. "Hiki hakilii?" Nikamwambia hakilii, akakiweka mlangoni.

Jioni mikeka ilitandikwa uani kwetu: mbaazi za nazi, mahamri, uji wa pilipili manga, tende kwenye sinia. Walikuja wote. Muadhini alisimama kizingitini, akapuliza baragumu lake mpaka mishipa ikamtoka.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu walitazamana, wakamtazama muadhini, wakanitazama mimi. Muadhini akaona, akaliweka baragumu chini, akachukua tende, akaila taratibu mbele ya macho yao yote, akatema kokwa.

Ndipo bibi akasema, "Bismillahi," na akala, na mwenye gari akanisogezea sinia: "Kula, fundi wangu."