Mama Mkwe Anataka Njia Tatu za Umeme Zigawiwe Wanawe Watatu

Admin, nifiche jina tafadhali. Mawifi zangu wote wamo humu na ukurasa huu wanausoma kuliko Biblia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Njiro na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Ni fundi umeme, nafunga sola kwenye maduka na nyumba za wageni. Baba mkwe, Mchaga wa Machame, alifariki akaacha jengo dogo la biashara huku Sokon One. Mbele kuna vyumba vitatu, kila mtoto wa kiume ana chake: bucha, saluni na steshenari. Nyuma kuna mashine ya kusaga ya mama mkwe, na ndiyo inayomlisha.

Umeme unakatika mno, wakaniomba niwachagulie inveta ya sola. Mashine ya mama inatumia umeme wa njia tatu, yaani nyaya tatu zinazofanya kazi pamoja, kwa hiyo nikasema tununue inveta moja ya njia tatu, ihudumie jengo zima. Hapo ndipo nilipochokoza nyuki.

Kumbe baba mkwe alipovuta umeme pale aliwaambia wanawe, "Nimewawekea njia tatu." Mzee wa watu alikuwa anazungumzia nyaya! Wenyewe wameshika kuwa ni urithi, kila mtoto na njia yake. Shemeji mkubwa akaniwakia, "Shemeji, unataka urithi wa baba upitie kwa mume wako?" Wakaenda, kila mmoja akanunua inveta yake ndogo ya njia moja, kampuni tofauti tofauti, wakapanga zote tatu ziendeshe na mashine ya mama, kila moja njia yake. Mume wangu naye alinunua, bila kuniuliza mimi fundi ninayelala naye kitanda kimoja. Iliniuma sana.

Nikamfuata mama mkwe. "Shikamoo mama. Hizi zitawasha taa na friji za mbele. Ila mota yako inataka njia zote tatu ziende kwa mpangilio mmoja, na hizi hazisikilizani. Itaungua."

"Marehemu alisema tatu, wewe umekuja na moja," akasema. "Mwanangu, usinigombanishie watoto."

Nikasema basi mashine ibaki kwenye umeme wa kawaida. Wakadai nataka mama akose wakati wanawe wana sola. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Jumamosi ukoo wote unakuja, na mchungaji atabariki. Mama ametangaza kuwa nitafunga mimi, ili watu waone sina kinyongo, na mashine atawasha yeye kwa mkono wake. Mume wangu anasema, "Funga tu, ikiungua watajifunza." Nikikataa, wana fundi mwingine tayari, anayeitikia kila kitu. Na huyu mama ndiye aliyenilelea mtoto nilipokuwa nimelazwa hospitalini, nampenda kweli.

Nikatae mbele ya ukoo niitwe mla urithi, au nifunge, kisha nisimame pembeni nimwangalie mama akiwasha? Nishaurini jamani, nifanyeje?