Pembetatu Niliyoshindwa Kuichora

Nawaambia ninyi, maana nyumbani sijathubutu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Olmotonyi, mlimani. Juzi nilishikishwa kipindi cha hesabu, na mthibiti ubora wa shule akaja siku hiyohiyo, akaketi nyuma.

Nikajitutumua: "Pembe moja tu ikiwa chini ya nyuzi tisini, hiyo ni pembetatu ya pembe kali!" Darasa likaimba mara tatu, nami nikiongoza kwa rula kama mwalimu wa kwaya.

Yule mama mthibiti akasema taratibu, "Sawa, mwalimu. Sasa tuchoree pembetatu isiyo na pembe kali hata moja."

Nikachora, nikafuta. Nikachora iliyolala, nikafuta. Baridi yote ile ya mlimani, na bado shati lilinilowa mgongoni.

Neema wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, haipo. Kila pembetatu ina pembe kali. Lazima zote tatu ziwe kali ndipo iitwe pembetatu ya pembe kali."

Darasani kwangu jibu sahihi hupewa makofi. Mdomo ukanitangulia: "Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Mthibiti akaweka kalamu chini, akapiga kuliko wote, akinitazama mimi.